Ujumbe Uliokwama Jukwaani

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Tunduma, kando ya barabara ambako malori hujipanga yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Mwenye duka alikuwa dereva mstaafu. Aliendesha malori hadi Kongo mpaka mgongo ukamkatalia. Duka lilimpa riziki, lakini moyo wake ulikuwa kwenye jukwaa la mtandaoni alilowaanzishia madereva wenzake. Humo watu waliulizana foleni imefika wapi, daraja gani limekatika, nani amelazwa hospitali gani. Mimi nilisomea kompyuta Mbeya, kwa hiyo jukwaa likawa mikononi mwangu, ila neno la mwisho lilikuwa lake.

Programu iliyoendesha jukwaa ilikuwa ya zamani sana. Walioitengeneza walishatoa matoleo mengine mengi, na kila nilipoingia nilikuta tangazo jekundu likiniambia toleo letu halihudumiwi tena. Nilimweleza mzee mara nyingi.

"Mzee, tuiapdeti hii kitu."

"Inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya. Lakini kila toleo jipya linaziba matundu ya lile la zamani. Wakishatangaza wameziba tundu, na wezi nao wanajua lilikuwa wapi. Sisi tumebaki na matundu yote wazi. Halafu kampuni inayotutunzia jukwaa inabadilisha mitambo yake. Programu yetu itafika mahali haielewani na mitambo hiyo."

Alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Binti, humo ndani kuna watu waliokufa. Wenzangu. Maneno yao yamo humo, utani wao umo humo. Ukigusa vikafutika, nitawapata wapi?"

Nilimwambia tungetoa nakala ya kila kitu kwanza. Akasema tutaona. Kwake tutaona ilikuwa na maana ya hapana.

Kipindi hicho ndipo alipokuja mama mmoja kutoka Isansa. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge juu ya sweta, viatu vimejaa tope la shambani. Mumewe alikuwa dereva. Alikuwa ameondoka na mzigo wa Kongo, akapiga simu akiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, na baada ya hapo simu haikupatikana tena. Mwenye lori alimtuma dereva mwingine, naye akalikuta gari limesimama peke yake. Jibu alilopewa mama yule lilikuwa kwamba mumewe ametelekeza gari.

"Wakwe zangu wanasema ameoa huko," aliniambia. "Wanasema Wazambia wamemteka. Mama mkwe wangu ndiyo kabisa, hataki hata jina lake litajwe. Dada, mume wangu alikuwa anasoma sana jukwaa lenu. Niandikie humo. Labda kuna aliyemwona."

Nikaandika. Wachache walijibu, wote wakampa pole. Hakuna aliyejua lolote. Alikuwa akija siku za gulio, anakaa kwenye benchi, namfungulia ukurasa anausoma mwenyewe taratibu kwa kidole, kisha anaondoka. Baadaye akaacha kuja. Mzee alikuwa akiniuliza habari zake, nami sikuwa nazo.

Jukwaa nalo lilianza kupoa. Tulikuwa na utaratibu kwamba mgeni akijiunga, ujumbe wake wa kwanza hauonekani mpaka tuuidhinishe, maana kulikuwa na matapeli wengi. Ukurasa wa kuidhinisha ukawa mtupu kila ninapoufungua. Mzee akasema wageni wamehamia kwenye makundi ya WhatsApp. Lilikuwa jambo la kuaminika, wala hatukulitilia shaka.

Kisha asubuhi moja ya baridi, upepo ukipuliza vumbi mpaka juu ya mashine, mzee akaingia dukani ameshika simu kama mtu aliyeshika kitu kinachomuunguza. Mtu alikuwa ameingia jukwaani kwa kupitia tundu mojawapo, akashika akaunti ya mzee mwenyewe. Ukurasa wa mbele ulijaa matangazo ya kamari na ya waganga wa kurudisha wapenzi. Chini yake kulikuwa na salamu chafu kwa jina la mzee, zimewekwa kwenye kurasa za wale marehemu wake.

Aliilaza simu kifudifudi mezani. "Hata wafu," alisema. Halafu, bila kunitazama, "Fanya ulivyokuwa unasema."

Tulifunga jukwaa tukaanza kazi Jumapili baada ya ibada, duka likiwa limefungwa. Nilitoa nakala ya kila kitu, nikaihifadhi sehemu mbili mbele ya macho yake. Nikafuta uchafu wote wa yule mwizi, nikabadilisha nywila, nikaweka toleo jipya. Umeme ulikatika katikati, tukasubiri tukinywa chai, yeye akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mashine na kurudi. Uliporudi nilimalizia. Jukwaa likafunguka. Nikamtafutia kurasa za marafiki zake, moja baada ya nyingine, zote zilikuwepo. Alitabasamu, na nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akitabasamu kwenye duka lile.

Nikafungua ukurasa wa kuidhinisha kuona kama unafanya kazi. Haukuwa mtupu. Ulikuwa umejaa. Tangu kampuni ibadilishe mitambo, ile programu ya zamani ilishindwa kutuonyesha ujumbe wa wageni. Watu walikuwa wanaandika, na maneno yao yalikuwa yanaingia na kukaa gizani.

Mmoja alikuwa dereva wa Kizambia. Alianza kwa "mukwai", kama wanavyoanza wenzetu wa ng'ambo wanapokuheshimu, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha barabarani. Alisema ameona tangazo la mke wa rafiki yake. Walikuwa wamefuatana kwenye foleni. Mwenzake akapandwa na homa kali, wakamkimbiza hospitali kwa pikipiki, akafariki kesho yake. Simu yake iliibiwa ndani ya lori walipokuwa hospitalini, kwa hiyo hawakuwa na namba ya kumpigia mtu. Madereva walichanga wakamzika kwenye makaburi ya kanisa jirani. Aliandika jinsi ya kufika hapo. Mwisho aliandika: mwambieni mke wake kwamba alikuwa anamtaja.

Mzee alisoma mwenyewe. Akanyoosha mkono akazima kioo cha kompyuta, kana kwamba ujumbe ungepungua uzito.

Tulimpigia mama yule simu, kwa namba aliyoniachia siku ya kwanza, tukamwomba aje na mtu. Alikuja na shemeji yake. Mzee ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini, bila kuzunguka. Shemeji aliinamisha kichwa. Mama hakulia. Aliomba aone yale maneno, akayasoma kwa kidole kama zamani, akafika mwisho akarudia.

"Yaliandikwa lini?" akauliza.

Nikamwonyesha tarehe. Ilikuwa siku chache tu baada ya yeye kuja dukani mara ya kwanza.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakaa pale kwenye benchi, yalikuwa humo?"

"Yalikuwemo, mama," nilisema. "Programu ilikuwa imechoka, haikuweza kutuonyesha."

Alitikisa kichwa polepole. "Mama mkwe amekufa mwezi wa kuvuna mahindi. Amekufa anamlaani." Hapo ndipo alipolia, na shemeji yake akamshika bega akawa analia naye.

Mzee alikwenda Isansa kwenye matanga. Sikwenda naye, ila niliambiwa alisimama mbele ya ukoo akasema kwamba ujumbe ulifika mapema na ukakwama kwake. Waliompokea walimpa chakula, wakamshukuru kwa kuja. Aliporudi alinikabidhi nywila zote na funguo za duka. Alikuwa akipita tu mara mojamoja, anasimama mlangoni, anauliza, "Kuna toleo jipya?" Likiwepo alitaka niliweke wakati huohuo, hata kama wateja wamejaa.

Mwaka uliofuata mama yule alikuja tena. Alisema anahamia Kamsamba kwa dada yake, kulima mpunga. Alitaka nimwandikie yule dereva wa Kizambia shukrani, na nimuulize kama msalaba wa kaburi bado umesimama. Nikaandika kama alivyonitamkia, nikamsomea, akakubali. Jukwaa linafanya kazi vizuri, na ujumbe ule unaonekana umefika. Bado haujasomwa.