Salamu za Mke Mwenzangu

Majirani wa kota za polisi ndio walioanza kumwita mke mwenzangu, na mimi sikuwakatalia. Mume wangu ni askari wa mbwa hapa Bariadi. Kila alfajiri alikuwa akitoka kitandani bila kuniaga, anakwenda bandani kumjulia hali yule mbwa jike wake mwenye mgongo mweusi. Wakirudi kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa huko Sapiwi, wa kwanza kuogeshwa alikuwa mbwa, wa kwanza kukaguliwa miba miguuni alikuwa mbwa. Mimi naulizwa kama maji ya kuoga yapo. Nilikuwa na wivu, na sioni haya kusema.

Mwaka jana, wakati wa mvua, pikipiki ilimtelezea mume wangu kwenye udongo mweusi akitoka Dutwa. Akavunjika paja. Akapelekwa hospitali Mwanza, mdogo wake akaenda kumuuguza, mimi nikabaki na watoto na cherehani yangu. Siku chache baadaye askari mwenzake alikuja kusimama mlangoni, kofia mkononi.

"Siyo yeye, shemeji," akasema haraka. "Ni mbwa. Tangu jamaa aondoke hajagusa chakula."

Mbwa wa polisi anafundishwa kupokea chakula kwa mtu wake tu, wezi wasije wakamtupia nyama yenye sumu. Askari wenzake mume wangu walikuwa wamejaribu ugali wa dagaa, wamejaribu kichwa cha mbuzi, wamemwamrisha mpaka sauti zikakauka. Anawatazama, kisha anageukia ukuta. Daktari wa mifugo alisema haumwi chochote, ila akiendelea hivyo mwenye mbwa hatamkuta. Hapo utani wangu uliisha. Nilimwona mawazoni mume wangu anarudi na mguu mbovu, anaonyeshwa banda tupu. Ningemwambia nini?

Mchana ule nilikwenda bandani nimevaa koti lake la kazi. Mbwa alilinusa, akalia kidogo, akalala. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Nikampigia mume wangu simu, nikaweka sauti kubwa, akamwita. Mbwa akainuka, akachungulia nyuma ya simu, akachungulia nyuma yangu, akatazama geti kwa muda mrefu. Kisha akajitupa chini. Nikatoka nje na simu yangu, nimekasirika.

"Unamfanyia nini mpaka anakula? Sema ukweli."

"Utanicheka."

"Sema, bwana."

"Namsalimia kwanza."

"Hata wenzako wamemsalimia!"

"Siyo hivyo. Kisukuma. Nachuchumaa, namuuliza ameshindaje, nampa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe wa baba, za mvua. Zikiisha ndiyo namwekea. Sasa ningewaambiaje wenzangu hayo?"

Mimi nimezaliwa Nkoma, salamu hizo nimelelewa nazo. Kwa mama yangu mgeni hawekewi chakula kabla ya habari, na ukizikatisha unaulizwa umelelewa na nani. Lakini nyumbani kwetu kota zilikuwa zimebaki "vipi" na "poa". Kumbe zile ndefu alikuwa anazimalizia bandani.

Nikarudi bandani, nikapiga magoti kwenye saruji kama tunavyowapigia wakwe.

"Mwadila," nikamwambia, ile salamu yetu ya Kisukuma ya kuanzia mchana.

Yule askari aliyenisindikiza bandani aligeuka pembeni acheke. Lakini masikio ya mbwa yalisimama.

Nikampa habari. Watoto wanaenda shule, yule mdogo ana kikohozi. Pamba ya baba kule Nkoma imeota vizuri. Sare za watu sijamaliza kushona. Habari zikaisha, mdomo ukakataa kufunga. Nikamwambia bwana wetu amevunjika, na madaktari hawana uhakika kama atatembea vizuri tena. Nikamwambia naogopa, mwenzangu, naogopa sana. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mama, hata yeye mwenyewe kwenye simu, maana kila akipiga namjibu hatujambo. Nililia palepale, na askari wa watu akaacha kucheka, akatoka.

Mbwa aliweka pua yake juu ya goti langu. Nikamsogezea sufuria ya chakula chake. Akala polepole, akiinua macho kuniangalia kama nipo.

Tangu hapo nilikwenda asubuhi na jioni. Watoto walizoea kwamba mama hapiki chai kabla hajatoka bandani, na majirani walipata la kusema, nikawaacha waseme.

Mume wangu alirudi na magongo mawili. Hakupitia nyumbani, akaenda moja kwa moja bandani, na mimi nikamfuata na sufuria. Mbwa nusura amwangushe kwa furaha. Kuchuchumaa hakuweza tena, kwa hiyo nilimgeuzia ndoo akakaa. Nikasimama mlangoni, niwaache wenyewe.

"Mwadila," akamwambia mbwa. "Habari za nyumbani?"

Mbwa akageuza kichwa akanitazama mimi. Mume wangu naye akageuka, akangoja.

Nikaweka sufuria chini, nikapiga magoti kando yao, nikampa mume wangu habari zote, hata ile ya kuogopa.