Nilivyolifanyia usafi pango la mama mkwe, kule juu ya Makumira

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mke wangu ni Mmeru. Chini ya shamba la kahawa na migomba la mama yake kuna pango. Maji yanachuruzika humo mwaka mzima, na yalikuwa yameacha mawe yanayoning'inia kama vidole. Mengine yalikuwa yameganda ukutani kama uji uliofurika sufuria.

Mwaka jana mhadhiri mmoja wa kike wa jiolojia aliomba kuja kuliona. Akiridhika, angeleta wanafunzi kila muhula, na mama mkwe angewapikia.

Familia ikafurahi. Mimi, mkwe msomi kutoka mjini, nikajitolea kuandaa mazingira.

Wakuu, niliandaa.

Siku mbili nzima. Ule uji wa ukutani nikaona ni uchafu, nikausugua kwa brashi ya waya mpaka nikafika kwenye mwamba mweusi. Vile vidole nikavivunja vyote kwa nyundo.

Sababu? Safety. Mgeni asije akagonga kichwa.

Mama mkwe akachungulia. "Baba Neema, una uhakika?"

"Mama, wageni wanapenda usafi."

Akarudi jikoni kwake. Kwao mkwe hagombezwi.

Mhadhiri akafika, akawasha tochi. Akamulika juu, akamulika ukutani, kisha akamulika ndoo niliyokuwa nimepangia vipande (mimi ni mtu wa mpangilio). Akachuchumaa, akakishika kimoja kama kifaranga kilichokufa.

"Haya ndiyo niliyofuata," akasema taratibu.

Akatueleza kwamba kila tone linaacha madini kidogo mno, hata macho hayaoni. Kidole kimoja hukua vizazi na vizazi.

Nilitamani pango linimeze, ila meno nilikuwa nimeshayang'oa yote.

Mama mkwe akauliza, "Kwa hiyo yataota tena?"

"Yataota, mama. Ila sisi hatutakuwepo."

Mama akanigeukia. "Baba Neema, basi wewe utakaa hapa uyasubiri."

Nikajua nimeua mpango wa watu. Mke wangu hakuniongelesha siku tatu.

Cha ajabu, wanafunzi wanakuja kweli, na mama anawapikia. Somo lao ni uharibifu wa mapango. Kila wakija naitwa kutoka mjini nikawaeleze nilitumia brashi ya aina gani, na wao wanaandika.

Nilichojifunza: kabla hujasafisha cha watu, uliza kwanza kama ni kichafu.

Nani mwingine humu amewahi "kusaidia" ukweni? Shusheni yenu, nisichekwe peke yangu.