Lawama za Mal-rye wa Mashine ya Pilipili

Kila mwaka baridi ikianza kuuma, kabla watu wa mji wa Yeongju hawajaanza kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, ya kuwavusha majira, mimi hutua na jiwe langu la kunolea visu mlangoni kwa Hwang Du-sik, mwenye mashine ya kusaga. Watu huja kwake kusaga pilipili na kukamua ufuta, na wakisubiri zamu hunipa visu. Nyumba ile naijua. Ndiyo maana hasira yangu juu ya jambo la Mal-rye haijaisha, ingawa watu husema mimi ni mpole.

Mal-rye ni mke wa pili wa Du-sik. Wa kwanza aliondoka akamwachia mabinti wawili, sasa wameolewa Busan. Mal-rye aliolewa akiwa mtu mzima, anaelekea arobaini, mwanamke wa kicheko kikubwa na mikono iliyokolea wekundu wa pilipili. Alitaka mtoto wa tumbo lake, na hakulificha jambo hilo kwa mtu yeyote.

Aliyeficha ni Du-sik. Zamani, serikali ilipokuwa inapiga kelele kwamba watoto wawili wanatosha, watu wa afya walikuwa wakiwafuata wanaume kwenye mafunzo ya askari wa akiba. Mtu amesimama juani tangu asubuhi, bunduki begani, anaambiwa: atakayekubali kukatwa mirija ya mbegu arudi nyumbani sasa hivi. Du-sik akapanda gari la zahanati. Mama yake hakuambiwa. Leo serikali ileile inabandika picha za watoto wachanga ukutani, inawabembeleza watu wazae. Nikizipita zile picha mkono unaniwasha nizibandue.

Du-sik alipomwoa Mal-rye, alikwenda hospitali mjini Daegu kimyakimya akaunganishwa mirija. Daktari akasema tayari, kazaeni. Wakangoja, mtoto haji. Sasa niambie, nani alipimwa? Mal-rye. Walimpiga picha za kizazi, wakamtoa damu, wakamchoma sindano za kuamsha mayai. Du-sik alipewa kikopo cha kutolea mbegu akakirudisha kitupu, eti anaona haya. Daktari mzima, msomi, akalikubali hilo, akaendelea kumchoma mwanamke.

Ndipo wakaangukia kwa daktari mwingine, mama mmoja mkali, akakataa kumgusa Mal-rye mpaka kikopo kirudi na kitu. Kikarudi. Hakukuwa na mbegu hata moja. Kovu lilikuwa limeziba palepale palipounganishwa. Akawaeleza bila kuzunguka. Kuunga upya kunawezekana, lakini kujua kama kumefaulu huchukua muda, na mayai ya Mal-rye hayatangoja. Wanaweza kutumia mbegu za mwanamume mwingine, au waasili mtoto. Au mbegu zichukuliwe kwa sindano kwenye korodani zenyewe, maana huko bado zinatengenezwa, kisha moja iingizwe ndani ya yai huko maabara, na yai lirudishwe tumboni.

"Mkitaka hiyo, msikawie," alisema.

Mal-rye aliitaka hiyo. Du-sik akasema tumalize kwanza kimchi. Kisha akasema tuone baada ya Mwaka Mpya. Aliogopa kwamba akichomwa atatembea kwa kuchechemea, na mama yake atauliza.

Na mama yake, wakati huohuo, kila wiki alikuwa analeta mchuzi wa mbuzi mweusi wa kumrutubisha mkwewe.

Siku ya kimchi nilikuwa uani kwao, nanoa visu vya kabichi. Wanawake wa jirani wamezunguka mabeseni, mikono imejaa pilipili. Mama mkwe akamletea Mal-rye bakuli.

"Kunywa yote, mwanangu." Akawageukia wenzake. "Mbuzi mzima kaisha humu. Shamba jingine hata ulimwagie mbolea gani, linaota mawe tu."

"Labda humtilii tangawizi," akasema Bibi Ok-bun, jirani. Wakacheka.

Mal-rye akavua glavu. Akalichukua lile bakuli mpaka kwa mumewe, aliyekuwa anapanga kabichi.

"Kunywa wewe. Dawa hupewa mgonjwa."

"Mal-rye, si hapa."

"Wapi basi? Daegu hutaki, chumbani unageukia ukuta. Sema, au niseme mimi."

"Ana nini huyu?" mama akauliza.

Du-sik akaziangalia kabichi. "Mama, mimi nilikatwa. Kwenye mafunzo ya akiba."

"Ulikatwa nini?"

"Mirija. Nisizae tena."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Walisema atakayekubali arudi nyumbani. Jua lilikuwa kali."

"Jua," mama akasema. "Ukoo mzima, kwa ajili ya jua."

Bibi Ok-bun akatua kabichi yake taratibu. "Kumbe. Mume wangu naye alirudi mapema siku moja, akaniambia kamanda anaharisha."

Kicheko kikalipuka ua mzima. Mal-rye hakucheka. Mama mkwe akamkazia macho.

"Na wewe ulijua, ukaniacha nikunyweshe mbuzi?"

"Nilikuwa namngoja mwanao, Mama."

Mal-rye hakuombwa radhi. Nilisubiri niisikie, sikuisikia.

Wakaenda Daegu. Du-sik alichomwa, mbegu hai zikapatikana, akarudi akalala. Majirani wakamletea uji wa maboga, wakamwita shujaa. Mal-rye, tumbo limevilia damu kwa sindano alizozifuata Daegu kwa basi peke yake, alikuwa anachekecha unga.

Yai halikushika. Nami niliporudi kabla ya Mwaka Mpya, watu wamepanga foleni kusaga mchele wa vitumbua vya sikukuu, nikamsikia Bibi Ok-bun akisema, "Kumbe mbegu zipo. Basi ni tumbo."

Du-sik akazima mashine.

"Rudia, Bibi."

Bibi Ok-bun akaanza kukagua beseni lake.

"Mbegu zangu zinavutwa kwa sindano kwa sababu nilikimbia jua," Du-sik akasema. "Tumbo la mke wangu halina kosa. Anayelitaja tena, mchele wake akausage kwingine."

Mama yake, aliyekuwa pembeni anapepeta ufuta, akainuka, akalivuta beseni la Bibi Ok-bun mpaka mwisho wa foleni.

Mal-rye akamgeukia mumewe.

"Washa mashine, watu wana kazi," akasema. "Na safari hii Daegu unanipeleka mwenyewe. Sipandi basi peke yangu tena."