Kitambaa Cheupe cha Magasin

Juzi nilipita mbele ya ile magasin kubwa ya zamani hapa Butembo, iliyouza kila kitu, toka sufuria hadi vitanda. Baadaye iligeuka depo ya mbao, kisha kanisa. Sasa wanalala humo watu waliokimbia vita Kalunguta. Mama mmoja alikuwa akitundika shuka jeupe kutenga familia yake, nami nikasimama.

Zamani, nikiwa mtoto, humo ndani mlinukia sabuni na nta ya sakafu. Mama yangu alivua viatu mlangoni kwa ajili ya matope, nami nikavua. Muuzaji alikunjua kitambaa cheupe mezani.

“Metre ngapi, mama?”

“Moja tu. Ni ya mutoto.”

Muuzaji akakata polepole. “Pole sana, mama.”

“Ni robe yangu?” nikauliza, nikiwaza gauni jipya.

“Hapana. Ni ya Kavira.”

Sasa najua kilikuwa cha kuzikia. Wakati ule nilijua tu kwamba Kavira, mdogo wangu aliyelazwa hospitali, amepata tena kitu kipya. Nikaketi sakafuni, nikalia. Mama hakunigombeza. Aliketi karibu yangu, naye akalia, hata nikamhurumia, nikidhani naye alikitamani kitambaa kile.