Ingobyi Iliyorudi na Mtu

Kwenye kilima chetu huko Giteranyi, Burundi, gari halifiki. Mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa kwa fito yenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne huiweka mabegani na wengine hufuata nyuma ili kupokezana. Kila nyumba hutoa mwanamume mmoja, na asiyefika bila sababu huleta pombe ya ndizi. Baba alinirudisha hapa kutoka Tanzania nikiwa tayari mtu mzima, na siku niliyokubaliwa kuwa mtu wa kilima ni ile niliyobeba mara ya kwanza, si siku niliyopewa kitambulisho.

Natengeneza baiskeli. Sikuvuka shule ya msingi ya kambi ya wakimbizi, lakini napenda kujua kitu kinavyofanya kazi, na nilipozoea kubeba nilipanga mambo machache. Tukipanda, wafupi watangulie na warefu wakae nyuma. Tukishuka iwe kinyume. Mwanamke anayetoka damu alazwe miguu juu kidogo. Hilo nililipata kwenye kitabu cha afya kilichokuwa kimepoteza jalada. Walinicheka, kisha wakafuata.

Dada yangu alikuja miaka mingi baadaye. Baba alipoamua kurudi Burundi, dada alikuwa ameolewa na Mkongomani hapo kambini na kuandikwa kwenye karatasi ya mumewe. Mama yetu mmoja, baba yetu mmoja, lakini mimi nilipanda basi la msafara nikiwa Mrundi, na yeye akabaki Mkongomani. Mume alipofariki, alivuka mpaka kwa njia ya miguu. Tanzania hakuhesabiwa tena mkimbizi kwa sababu alikuwa ameondoka, na huku hakuhesabiwa mrejeaji kwa sababu hakuna aliyempokea. Ofisi ya komini, yaani ya tarafa, iliniuliza ni nani anayeweza kushuhudia kuzaliwa kwake. Mimi ni mdogo wake; aliyeweza ni baba au mama, na wote tulikuwa tumekwisha kuwazika.

Alipoanza kutoka damu alinificha kwa muda. Kituo cha afya kilimpa vidonge vya kuongeza damu. Daktari wa Muyinga alimpima, akasema ni uvimbe kwenye mlango wa kizazi, bado unaweza kukatwa, na wanaoukata wako hospitali ya Gitega. Akasema tusichelewe.

Siku ya safari tulimshusha hadi barabarani kwa ingobyi. Mkubwa wa wabebaji, mzee asiyeacha mizaha, alitembea kando yake.

"Dada, ukirudi na miguu yako, utatupikia pombe. Ukirudi muli ingobyi hii, utatupikia mara mbili."

"Wewe jifunze kubeba kwanza," dada akamjibu. "Huko Tanzania nilipanda punda mwenye adabu kuliko wewe."

Wakacheka mpaka machela ikatikisika, na mimi nikawakemea.

Gitega, msichana wa mapokezi aliomba kadi ya bima, kisha kitambulisho, kisha karatasi ya kurejea. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, mi sikatai ugonjwa yako," akasema. "Mashini inaomba numero. Bila numero siwezi kukufungulia fishi ya matibabu."

Nikamwomba amwandike kwenye kadi yangu. Akanitazama kwa huruma. "Papa, hii ni maladi ya wanawake, na kadi ni ya mwanamume."

Kwa asiye na karatasi ilibaki bei ya wageni, na bei hiyo ilizidi shamba letu lote. Niliomba basi apokelewe kama dharura. Daktari alitoka, akamchunguza vizuri. Asubuhi ile damu ilikuwa imekata. Dharura, alisema, ni mtu anayetoka damu sasa. Ikianza tena, mlete. Nilimwambia kwamba kutoka kwetu hadi hapo ni safari ya siku nzima. Alijua. Alimshika dada bega kidogo, akarudi ndani.

Tulipofika barabarani kwetu, wabebaji walikuwa wanangoja na ingobyi, na mmoja alikuwa na shuka mpya mkononi. Kwa kawaida mgonjwa hurudi akitembea, la sivyo hurudi maiti. Walimkuta dada amekaa juu ya mfuko wake, anawatazama. Mzee aliniuliza kama amekatwa. Nikasema hapana. Akamsaidia dada kulala kwenye ingobyi, na wakati wa kupanda hakuna aliyetania. Sikuwa nimewahi kupanga namna ya kumbeba mtu arudiye na ugonjwa wake huku macho yake yakiwa wazi, anasikia unavyohema. Kila walipopokezana aliwaomba radhi.

Damu ilianza tena majira ya kupanda maharage. Niliita na wote wakaja, hata mwenye mguu mbovu. Nilimwambia dada kwamba sasa ni dharura, watampokea.

"Mdogo wangu, waache waende shambani."

"Daktari alisema."

"Hadi Gitega damu itakuwa imekauka. Au nitakuwa nimekauka mimi." Akavuta pumzi. "Hawa wamenibeba kama mtu wao. Huko unakonipeleka ndiko sina mtu."

Niliinama kumwinua, naye akashika mguu wa kitanda. Sikujua kwamba bado ana nguvu hizo. Mzee aliingia, akanigusa mkono, akasema nimwache.

Tulikuwa bado uani alipokuja mwanamume wa chini ya kilima akikimbia: mkewe ana uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wabebaji wakanitazama. Mwenye mguu mbovu asingeweza kuchukua nafasi, na njia ya kituo inapanda, nyuma alihitajika mrefu kama mimi.

"Nenda," dada akasema kutoka ndani. "Huyo watampokea."

Nikaenda. Muuguzi alitoka nje ya kituo kabla hatujashusha miti. Hatukuketi wala hatukungoja. Tulirudi na ingobyi tupu, karibu mbio, wote hadi kwangu ingawa sikuwa nimewaita.

Alikuwa bado ameshika mguu wa kitanda. Zilikuwa zimembakia siku chache tu za kuishi, na nadhani alijua. Aliuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Hakuna kati yetu aliyejua.