Claudine wa Besi na Sabufa ya Dadi

Claudine Niyomwungere aliimba besi. Tangu akiwa msichana kule Kitanga sauti yake ilishuka chini na haikupanda tena. Mwalimu wetu wa kwaya pale Kasulu alimjaribu sauti ya kwanza, akamjaribu ya pili, mwishowe akamsimamisha nyuma pamoja na sisi wanaume, kati yangu na fundi redio mmoja aitwaye Kipriani. Wageni kanisani waligeuza shingo kumtafuta bwana mwenye koo lile. Claudine akiwaona anaanza kucheka, na akicheka yeye, safu nzima ya nyuma inapoteza wimbo.

Mwaka 1997 Kipriani aliletewa kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Dadi, mfanyabiashara wa maharage, alikuwa anakaribia kuoa Mabamba, upande wa Kibondo, mpakani kabisa na Burundi. Kwa ajili ya siku hiyo aliagiza kutoka Dar es Salaam redio ya gari ya kaseti, amplifaya na sabufa, yaani spika pana ya kutolea besi, ikiwa ndani ya boksi kubwa kama kabati la vyombo. Vyote vilikuja kwa treni hadi Kigoma.

"Nataka wakwe wanisikie kabla hawajaniona," alisema.

Kipriani aliifunga sabufa kwenye kiti cha nyuma cha pikapu ya Dadi, akatia kaseti ya bolingo, muziki wa Kikongo, akazungusha kila kinachozunguka mpaka mwisho. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya debe linaloburutwa juu ya changarawe. Vioo vilitetemeka, kuku wa jirani wakahama. Dadi alikuwa anacheza peke yake barabarani pale Claudine alipopita akitoka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani.

"Hiyo si besi," alisema. "Hiyo inakoroma."

"Dada, hiyo ndiyo nguvu yenyewe," Dadi akamjibu.

"Mwenye nguvu halii namna hiyo. Huyo anaumwa."

Dadi alicheka, lakini Kipriani hakucheka. Alimtua mkungu, akamfungulia mlango wa gari na kumwomba aketi karibu na boksi.

"Unasikia ni wapi inapoanza kukoroma?"

"Nasikia hata mwalimu akianza kukosea."

Basi wakaanza upya. Kwenye amplifaya kuna kidude kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi, mafundi wanakiita geini. Watu wengi wanadhani ni cha kuongeza sauti. Kipriani naye alidhani hivyo mpaka siku ile, ingawa karatasi iliyokuja na mzigo ilisema vingine: kazi ya geini ni kuifanya amplifaya ipokee kile redio inachotoa bila kuzidiwa. Ikizidiwa, sauti inakatwa vichwa, inatoka ikiparuza, na sabufa inapata moto mpaka waya wake wa ndani unaungua.

Alishusha geini chini kabisa. Akairudisha besi ya redio katikati, asiizidishe wala asiipunguze. Kisha akapandisha sauti ya redio polepole mpaka pale ilipokuwa kubwa lakini bado safi, akaiacha hapo. Ndipo akaingiza bisibisi kwenye geini.

Claudine alivua viatu, akaweka kiganja juu ya boksi, akaanza kuimba noti ileile ya gitaa la besi. Kipriani akazungusha kidogo. Sauti ya spika ikanenepa, ikaja ikalala sawasawa juu ya sauti ya Claudine hata usijue ipi ni ipi. Akaongeza kidogo tena. Ghafla zikaachana, ya Claudine ikabaki mviringo, ya spika ikaota miiba. Claudine akainua mkono. Kipriani akarudisha bisibisi nyuma kidogo tu.

"Hapo," alisema Claudine.

Mimi nilikuwa nimesimama nje, na besi ile niliisikia tumboni kama uji wa moto. Dadi alisahau kucheza. Kipriani naye alikuwa hatazami amplifaya tena.

Siku ya harusi, kwaya tulipanda nyuma ya pikapu, tukaimba tangu Kasulu mpaka vumbi likatuziba makoo. Karibu na Mabamba tulishuka mtoni kunawa nyuso. Dadi akabaki garini na bisibisi, na bisibisi mkononi mwa bwana harusi si kitu cha kuaminika. Tuliporudi na kuondoka, debe lilikuwa limeanza tena kuburutwa. Tukiwa tunakaribia ua wa wakwe, tukasikia harufu ya kitu kinachoungua.

Claudine alipiga paa la gari kwa ngumi. "Zima. Zima sasa hivi."

Dadi alizima, akashuka ameinamisha kichwa. "Nilikwenda mpaka mwisho," alisema. "Nilifikiri mpaka mwisho ndiyo heshima."

Kipriani aligusa sabufa, akaondoa mkono haraka. Tukasubiri ipoe. Kisha akausukuma uso wa spika ndani polepole kwa vidole huku ametega sikio, haukukwaruza popote. Ilikuwa imepona. Alipokuwa akirudisha geini chini, Claudine aliegemea dirishani na kuanza kuitafuta noti yake, taratibu, macho kayafumba.

Hapo akatokea Mzee Ndayisaba, baba wa bibi harusi, na wenzake wawili. Alisimama, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akatusalimu kwa lugha ya kwao.

"Mwakeye, wanangu. Spika yenu ni safi," alisema. "Inafika mpaka mbavuni. Ila ipunguzeni kidogo, bibi yenu, mama yangu, amepumzika ndani."

Dadi alinitazama mimi, mimi nikamtazama Kipriani.

"Shikamoo, mzee," Kipriani alisema. "Bado hatujawasha."

Claudine alijaribu kuziba mdomo, haikusaidia. Kicheko kilimtoka kizito, kikamwangusha Dadi magotini, kikaishika kwaya nzima. Mzee alimtazama, akatazama boksi, akamtazama tena, naye akacheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni cha gari. Bibi akatoka kuuliza nani amekufa.

Sabufa ilipowashwa ilikuwa safi. Mzee alidai Claudine aimbe nayo, akafumba macho na kukisia ipi ni mashine. Alikosea, akadai kurudia, akakosea tena kwa furaha kubwa zaidi. Bibi alicheza na fimbo yake.

Wakati wa kurudi, Kipriani alipanda nyuma pamoja nasi, akakaa karibu na Claudine.

"Nikikuomba tukae wote maisha, utasemaje?"

"Nitasema umechelewa," alimjibu. "Nimengoja tangu ile siku ya ndizi."

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Madereva wa Kibondo na Kabanga walizoea kuwaletea magari, wengine wakitaka kishindo tu. Hao Claudine aliwaketisha ndani wasikilize mpaka wabadili mawazo wenyewe. Mara ya mwisho nilipopita, alikuwa ndani ya gari la mtu, milango imefungwa, Kipriani amechuchumaa na bisibisi, wanacheka jambo ambalo walikataa kabisa kuniambia.