Maji ya Miguu Kamachumu

Mimi ni Mhaya, lakini wa Bilele mjini. Ndizi naijua ikiwa sahanini. Juzi nilifikia gesti moja Kamachumu, katikati ya migomba, mvua imeninyeshea na tope limefika magotini. Uani nikaona hori la mbao, kama mtumbwi, limefunikwa majani ya mgomba. Nikafunua: maji ya kahawia, vuguvugu, yana povu. Nikasema moyoni, hawa wanajali wageni, hadi sabuni wameshatia! Nikaingiza miguu yote miwili, nikasugua visigino.

"Mama, asante kwa maji ya miguu!"

Mama mwenye gesti akatoka, akaduwaa. "Mwanangu, hiyo ni rubisi, pombe ya harusi ya binti yangu kesho."

Nikabwabwaja, "Kwani ndizi zake hazikanyagwi kwa miguu?"

"Zinakanyagwa," akasema kwa upole, akininyooshea taulo. "Lakini sisi hunawa kwanza."